Zana za mkono madukani Tabora: seti iache, chukua moja moja

Ukiingia kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Tabora mjini na kuulizia zana, aghalabu utawekewa mezani sanduku la plastiki lenye vipande mia na kitu. Linapendeza macho. Hesabu sasa: sehemu kubwa ya vipande hivyo ni vichwa vya bisibisi vya milimita 25, na katika hivyo fundi atatumia vitatu au vinne. Nyundo iliyomo mara nyingi ni nyepesi kiasi kwamba msumari wa inchi 4 kwenye mninga utapinda kabla haujazama. Maduka hayohayo huuza zana moja moja, na muuzaji asiyetaka zijaribiwe pale mezani muage kwa heri.

Anza na spana. Kwa pikipiki, namba zinazofanya kazi kila siku ni 8, 10, 12, 14 na 17. Kwa bolti za kawaida za mageti na mabati mazito utahitaji zaidi 10, 13, 17 na 19. Seti zinazojaziwa 9 na 11 huku 12 au 14 haimo zipo, kwa hiyo soma namba kabla ya kulipa. Omba nati ya namba husika, ivalishe spana, itikise. Ikicheza mpaka unaona mwanga pembeni, itakula kona za nati siku ya kwanza utakapokutana na kutu. Soketi chagua za pembe 6; za pembe 12 huingia kwenye nati haraka lakini hushika kona kidogo tu. Mhuri wa CR-V maana yake chuma chenye kromu na vanadi, ila kupiga mhuri hakuna gharama. Sumaku nayo haithibitishi kitu, inanasa chuma duni sawasawa na kile kizuri.

Nyundo ya gramu 450 hadi 570 inatosha kazi nyingi za mbao. Tazama mpini kuliko kichwa: mistari ya mti iende sambamba na mpini toka juu hadi chini. Ikikatiza mshazari, hapo ndipo utakapovunjika. Mpini uliopakwa rangi nzito umeficha hilo, uache dukani.

Kiangazi cha Tabora kinakausha mti, mpini unasinyaa na kichwa kinalegea. Dawa ya wengi ni kuloweka nyundo kwenye ndoo. Inakaza kweli, kwa siku chache. Nyuzi za mti zinavimba zikiwa zimebanwa na tundu la chuma, zinapondeka, na zikikauka mpini unakuwa mwembamba kuliko mwanzo. Ongeza kabari, halafu paka mafuta ya kitani.

Msumeno wenye ncha za meno zenye rangi ya bluu-nyeusi, meno yake yamefanywa magumu kwa joto. Tupa ya kunolea itateleza juu yake. Unakaa na makali muda mrefu, ila yakiisha ni wa kutupa. Anayenoa mwenyewe achukue wa meno ya kawaida: 7 au 8 kwa inchi kwa mbao nene, 10 hadi 12 kwa kazi safi.

Futi ya utepe ndiyo inayorudishwa dukani ingawa haina kosa. Ndoano ya mwanzoni inacheza, mnunuzi anadhani imelegea. Imetengenezwa hivyo: inasogea kwa unene wake yenyewe, ili ukivuta kwenye ukingo wa ubao au ukisukuma ukutani kipimo kiwe kilekile. Ukiigonga ikaze, umeiharibu. Tafuta alama ya II kwenye utepe, ni daraja la usahihi. Kwa mita 5 kosa linaloruhusiwa ni milimita 1.3, wakati ya III ni 2.6.

Pima maji iweke mezani, soma povu, igeuze mwisho kwa mwisho palepale. Kama povu lilielekea kushoto kwako na sasa linaelekea kulia, ni mbovu. Plaizi: zifunge, ziangalie kwenye mwanga; ukipenya kwenye makali ya kukatia, ziache.

Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, idai hapohapo. Bila hiyo kurudisha kitu kunakuwa mjadala.

Sanduku linunuliwe mwisho, zana zikiwa mkononi. La inchi 19 ni kama sentimita 48, kwa hiyo pima maji ya sentimita 60 haiingii wala msumeno wa inchi 22. La plastiki ni jepesi kwenye bodaboda, lakini lachi za plastiki hukatika kwanza, hasa likishinda juani. Chagua lenye lachi za chuma. La bati la kufunguka trei mbili pande zote ni imara, mradi bawaba zimepigwa riveti zisizotikisika na mfuniko unafunga bila kulazimishwa. Lijaze zana zako, linyanyue kwa mshikio wake, litingishe mara mbili kabla hujatoa hela.