Barabara ya 1, Carmel hadi San Simeon, ukiwa na watoto: nzuri, ila usiimalize kwa siku moja

Tuliseme mapema: mandhari ya Big Sur, pwani ya majabali ambayo barabara hii inapita, ni ya watu wazima. Mtoto wa miaka mitano aliyefungwa mkanda kiti cha nyuma haoni bahari ile ya kwenye picha. Upande mmoja anaona ukuta wa jabali, upande wa pili anga tupu. Kona ya thelathini anauliza tunafika lini, kona ya hamsini anatapika. Kwa hiyo anayetaka kujua kama safari hii inafaa familia asipime barabara, apime vituo. Na vituo vya pwani hii ya California, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi katikati ya Mei, vina mambo ya kumshika mtoto kuliko wanavyodhani wanaokuja kwa ajili ya picha za daraja la Bixby.

Kipande chenyewe ni kilomita 145 hivi, sehemu ndogo tu ya Barabara ya 1 ambayo kwa ujumla inapita kilomita 1,000. Kilifunguliwa mwaka 1937 baada ya miaka mingi ya kupasua miamba, kazi ambayo sehemu yake ilifanywa na wafungwa. Ukienda moja kwa moja bila kusimama ni masaa mawili na nusu hadi matatu. Ukiwa na watoto hesabu saba, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaweka kipande hiki katikati ya siku ambayo imeanzia San Francisco na inatakiwa kuishia Los Angeles. Saa tisa alasiri bado wako nusu njia, watoto wamechoka, na kituo bora kuliko vyote, ambacho kiko mwisho kabisa upande wa kusini, wanakipita giza limeshaingia. Lala usiku mmoja Monterey au Carmel, wa pili Big Sur yenyewe, wa tatu Cambria au San Simeon. Ukibana sana, ondoa ule wa kwanza.

Teremka kutoka kaskazini kwenda kusini. Marekani wanaendesha kulia, hivyo ukielekea kusini uko upande wa bahari na sehemu nyingi za kuegesha zenye mandhari unaziingia moja kwa moja bila kukata mbele ya magari yanayokuja. Faida hii huonekana wazi kwenye daraja la Bixby, lililokamilika 1932 na lililo mita 79 juu ya kijito. Eneo la kusimama kupiga picha liko upande wa bahari, kabla tu ya daraja kwa anayetoka Carmel. Ni dogo, na wikendi ya Aprili hujaa kabla ya saa nne asubuhi. Likijaa, pita. Usiache gari nusu yake ikiwa barabarani. Faini ipo, na mtoto anayefunguliwa mlango pale anashukia kwenye njia ya magari. Dereva mwenye hofu ya vimo yeye afanye kinyume, apande kutoka kusini, ili awe upande wa mlima. Atakosa urahisi wa vituo lakini ataendesha akiwa ametulia, na hilo ni bora zaidi.

Jambo linaloharibu safari nyingi za majira haya si ukungu wala foleni, ni maporomoko ya ardhi. Mvua za Desemba hadi Machi ndizo zinazoleta maua ya Aprili, na ndizo hizo hizo zinazolainisha milima ya Santa Lucia mpaka inamwagikia barabarani. Mei 2017 mlima wa Mud Creek ulifukia barabara, ikafungwa hadi Julai 2018. Januari 2021 maji yalikata barabara pale Rat Creek, ikarudi Aprili. Tarehe 30 Machi 2024, Jumamosi ya kuelekea Pasaka, kipande cha njia ya kwenda kusini karibu na Rocky Creek kilidondoka baharini, na wasafiri waliokuwa ndani ya Big Sur wakalazimika kungoja kuvushwa kwa misafara kwenye njia moja iliyobaki. Mwaka huo huo, mporomoko wa Regent's Slide ulifunga kipande kingine kwa zaidi ya mwaka mzima.

Maana yake kwa mpangaji ni hii: barabara ikifungwa katikati, inageuka kuwa vichochoro viwili visivyokutana. Ukiwa umelipia chumba upande wa pili wa mporomoko, utarudi Carmel, ukate kwenda Salinas, ushuke na Barabara ya 101 hadi karibu na Paso Robles, kisha uchukue ya 46 kurudi pwani Cambria. Si mchepuko wa dakika ishirini. Ni nusu siku ya watoto. Tazama ramani ya QuickMap ya Caltrans, idara ya barabara ya jimbo, siku unapolipia vyumba, tena usiku wa kuamkia safari, tena asubuhi kabla ya kuondoka Carmel. Baada ya hapo mtandao wa simu hukatika kwa sehemu kubwa ya njia, kwa hiyo pakua ramani mapema. Jaza tangi pia. Si kwa sababu kilomita 145 ni nyingi, bali kwa sababu ukikuta kizuizi zinakuwa 290. Mafuta yanapatikana njiani sehemu chache, na bei yake ni ya mtu anayejua kuwa huna pengine pa kwenda.

Sasa kiti cha nyuma. Sheria ya California inataka mtoto wa chini ya miaka 2 akae kiti kinachotazama nyuma, isipokuwa ana kilo 18 au zaidi, au kimo cha sentimita 102 au zaidi. Wa chini ya miaka 8 hukaa nyuma, kwenye kiti cha mtoto au cha kumwinua, isipokuwa amefika sentimita 145. Viti vya kukodi pamoja na gari ndiyo huduma dhaifu kuliko zote katika safari hii: mara vimeisha, mara vimekuja bila kitabu cha maelekezo, mara mikanda imejisokota. Ukiweza, njoo na chako. Ukikipokea cha kukodi, usiondoke maegeshoni kabla ya kusoma lebo ya tarehe ya kuisha muda, kisha kishike pale mkanda unapopita na ukitikise kwa nguvu. Kikicheza zaidi ya sentimita 2.5 kwenda upande au mbele, hakijakaza. Piga goti juu yake ukivuta mkanda. Kile kibano cha kifuani kikae usawa wa kwapa, na mkanda wa begani ujaribu kuufinya kwa vidole viwili: ukipata mkunjo, bado umelegea. Asubuhi za pwani ni baridi na mzazi humfunga mtoto akiwa na jaketi nene. Hilo ni kosa, kwa sababu gari likigonga, jaketi hubonyea na mkanda unabaki na nafasi. Mfunge bila jaketi, halafu mfunike nalo kwa juu.

Kutapika kunatokana na macho na sikio la ndani kutokubaliana: sikio linasema tunayumba, macho yaliyo kwenye simu yanasema tumetulia. Zima skrini na vitabu vyote kuanzia Carmel. Chakula kiwe chepesi na kikavu, kisiwe maziwa. Fungua dirisha kidogo. Simama kila baada ya dakika 40, mtoto ashuke na atembee, si kukaa tu gari limesimama. Weka mifuko miwili mlangoni, na nguo za kubadili ziwe juu ya mizigo, si chini ya buti. Dereva naye ana sehemu yake: asikanyage breki katikati ya kona, apunguze kabla ya kuingia, na kwenye miteremko mirefu ashushe gia. Akikusanya magari matano nyuma yake, sheria inamtaka aingie pembeni kwenye nafasi ya kwanza iliyo salama. Atii tu, presha ya gari la nyuma ndiyo inayowafanya watu wakate kona vibaya.

Vituo, kwa mpangilio wa njia.

Point Lobos, hifadhi ya pwani dakika chache kusini mwa Carmel, hufungua saa 2 asubuhi, na maegesho yakijaa gari moja huingia kwa moja kutoka. Fika mlango unapofunguliwa. Kuna sababu ya pili ya kuwahi: kwenye pwani hii kupwa kukubwa kwa majira ya kuchipua huja alfajiri na asubuhi, na vidimbwi vya miambani, vyenye kaa, viti vya pweza na visokoto vya mwani, huonekana vizuri maji yakiwa yamepwa tu. Soma jedwali la kupwa na kujaa, chagua siku ya bamvua kama ratiba inaruhusu. Mtoto aangalie bila kung'oa kitu, na asiipe bahari mgongo. Wimbi kubwa la ghafla hufika pale ambapo dakika kumi zilizopita palikuwa pakavu, na maji yana nyuzi 10 hadi 13 hivi. Aprili na Mei sili wa bandarini huzaa hapa, kwa hiyo darubini ndogo inalipa gharama yake. Mbwa haruhusiwi kabisa, hata ndani ya gari.

Pembeni mwa njia za miguu kuna upupu wa huku, poison oak: majani matatu matatu, majira haya machanga na yanayong'aa, mara nyingi yakiwa na wekundu. Mafuta yake yakigusa ngozi, osha mapema kwa sabuni na maji ya baridi, na usisahau viatu na kamba zake. Kwenye nyasi ndefu kuna kupe pia. Suruali ndefu, soksi juu.

Ufuo wa Pfeiffer una mchanga wenye michirizi ya zambarau inayotokana na madini ya ganeti, na mwamba wenye tundu ambao picha zake zimeenea kila mahali. Ule mwali wa jua unaopenya tunduni ni wa Desemba na Januari. Ukienda Aprili kwa ajili yake utarudi mikono mitupu. Njia ya kushuka ni nyembamba, magari makubwa ya kulala hayaruhusiwi, na upepo wa alasiri wa majira haya hurusha mchanga usoni kwa watoto. Wenye watoto wa chini ya miaka 4 wakiache kituo hiki.

Maporomoko ya maji ya McWay, mita 24, ni matembezi mafupi yasiyohitaji ubavu wowote. Ufukweni huruhusiwi kushuka, na mtoto atauliza kwa nini. Mpe hadithi ya kweli: hadi 1983 hapakuwa na ufuo pale, maji yaliangukia baharini moja kwa moja, mlima ukaporomoka jirani, udongo ukasombwa, mchanga ukajijaza. Ukiwa juu hapo tazama bahari. Nyangumi wa kijivu wanarudi kaskazini, na Aprili na Mei ni zamu ya majike na watoto wao, ambao hupita karibu na nchi. Tafuta pumzi, moshi mfupi unaoinuka na kupotea, usitafute mkia. Angani, ndege mkubwa mweusi anayepaa mabawa yakiwa yamenyooka kama ubao na namba ikining'inia bawani ni kondori, upana wake karibu mita 2.9. Anayeyumbayumba na mabawa ya umbo la V ni tumbusi wa kawaida.

Halafu ufuo wa Piedras Blancas, kilomita 7 kaskazini mwa njia ya kuingilia Hearst Castle, kasri la kitalii la San Simeon. Hapa ndipo safari nzima inapolipa. Sili tembo walianza kupanda ufuo huu 1990, na leo wakati wa kilele wamelala kwa maelfu. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei ni zamu ya majike na wadogo kujivua gamba, na safari hii kwa maana halisi: ngozi ya juu na manyoya hubanduka kwa mabaka makubwa kama rangi ya ukuta uliolowa. Wanakoroma, wanapiga chafya, wanajirushia mchanga, wanang'ang'ania nafasi. Wanaume wakubwa wa tani mbili na pua zao za mkonga wengi hawapo majira haya; huja kujivua baadaye, kiangazi. Ni bure, kuna njia ya mbao yenye uzio ambayo kigari cha mtoto kinapita bila shida, na wajitolea wenye majaketi ya bluu hujibu maswali hadi ya kumi na tano. Harufu ipo, na upepo pia. Vaeni makoti hata kama Cambria kulikuwa na jua. Tenga saa nzima kabla ya machweo.

Kulala: Pfeiffer Big Sur, chini ya miti ya redwood na kando ya mto, ndiyo kambi ya kuchagua. Nafasi hufunguliwa miezi sita kabla kwenye tovuti ya ReserveCalifornia na wikendi za Aprili huisha upesi. Jumanne na Jumatano huwa na mianya. Kirk Creek, iliyo juu ya genge linalotazama bahari, inapendeza mno kwa macho, lakini kati ya hema na ukingo hakuna uzio wa maana. Kwa mtoto anayetambaa au aliyeanza kukimbia juzi, hapana.

Ukungu ukishuka, na Mei hushuka sana, usiingie Big Sur asubuhi hiyo. Nenda Monterey Bay Aquarium, jumba la maonyesho ya viumbe wa baharini lililofunguliwa 1984: tangi lake la msitu wa mwani lina kina cha mita 8.5, na fisimaji wa baharini wako umbali wa kioo tu. Ukungu mara nyingi hupasuka mchana, na kutoka hapo hadi Bixby si mbali.