Pioni za kununua kama baridi ya kwenu ni fupi

Malalamiko yanayonifikia kuhusu pioni, mmea wa bustani wenye maua makubwa, yanafanana mno. Mmea umeshika vizuri, majani yamekoza kijani, matumba yametokea na kufikia ukubwa wa punje ya njegere, kisha yanakwama hapo hapo. Yanageuka kahawia na kukauka bila kufunguka. Mwenye bustani anaongeza mbolea, anaongeza maji, na mwaka unaofuata mambo ni yale yale. Mara nyingi kosa halikufanyika bustanini. Lilifanyika siku ya kununua, mmea ulipochaguliwa kwa kutazama picha.

Rangi na harufu chagua mwenyewe. Kuhusu baridi nitasema kwa ufupi: pioni nyingi za kawaida, zile zinazonyauka hadi chini kila mwaka na kuchipua upya, huhitaji saa kati ya 500 na 1,000 za baridi ya chini ya nyuzi 4 hivi za Selsiasi ili zitoe maua. Kama mnakoishi hakuna baridi kabisa mwaka mzima, usinunue. Kumwaga vipande vya barafu juu ya udongo hakuwezi kufidia wiki nzima za ubaridi. Mwongozo huu ni wa yule mwenye majira ya baridi, ila ni mafupi na si makali.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera. Pioni hugawanywa katika zinazochanua mapema, za katikati na za mwishoni, na kati ya kundi la kwanza na la mwisho hupita wiki kadhaa. Mahali penye baridi fupi, joto huwahi. Tumba la aina ya mwishoni, tena lenye petali nyingi zilizosongamana, linakutana na joto kali likiwa bado linajijenga, na linakauka. Aina ya mapema yenye petali chache inakuwa imeshafunguka. Baada ya suala la baridi, hili ndilo linaloamua kama utaona ua au hutaliona, lakini lebo nyingi hazilitaji. Lebo itakuambia mmea unastahimili baridi kali kiasi gani. Mtu ambaye taabu yake ni joto atafanya nini na taarifa hiyo?

Chaguo langu la kwanza, na sifichi upendeleo wangu, ni 'Coral Charm'. Ilisajiliwa mwaka 1964, na mwaka 1986 ikapata nishani ya dhahabu ya Chama cha Pioni cha Marekani. Inachanua mapema, petali zake hazikusongamana, na mabua yake ni imara. Ua linafunguka likiwa na rangi ya marijani iliyoiva, kisha siku hadi siku linafifia kuelekea rangi ya malai, kwa hiyo kwenye kichaka kimoja unaona rangi tatu au nne kwa wakati mmoja. Dada yake, 'Coral Sunset', ni mzuri vile vile. Ukikosa mmoja, chukua mwingine bila wasiwasi.

Ya pili ni 'Festiva Maxima', ya Ufaransa, tangu mwaka 1851. Ni nyeupe, yenye madoa machache mekundu katikati kama damu iliyodondoka. Petali zake ni nyingi, na kwa kanuni yangu ingepaswa kushuka, lakini inawahi kuchanua, na kuwahi huko ndiko kunakoiokoa.

Ya tatu ni 'Bartzella', ya manjano, mojawapo ya pioni za Itoh. Toichi Itoh wa Japani ndiye aliyefanikiwa kuchanganya pioni za kawaida na pioni za miti, zile zenye mashina magumu yasiyonyauka hadi chini, na alifariki mwaka 1956 kabla ya kuona maua ya kazi yake. Uzao huo unasifiwa kwa kuvumilia baridi haba na joto. Ningeipandisha juu zaidi kama si bei. Zamani bei kubwa ilikuwa na sababu, kwa kuwa mimea ilikuwa adimu. Leo 'Bartzella' inazalishwa kwa wingi, lakini bado wapo wauzaji wanaoitoza bei ya kitu adimu, tena kwa kipande cha mzizi chenye jicho moja, yaani chipukizi moja tu.

Pioni za miti zinakuja nne. Zinaridhika na baridi kidogo kuliko za kawaida, lakini nyingi zimebebeshwa, yaani zimeunganishwa, juu ya mzizi wa pioni ya kawaida, na mzizi huo ukichipua wenyewe unaweza kuushinda mti ulioununua. Kiungo kinatakiwa kikae sentimita 10 hadi 15 chini ya udongo, na muuzaji asiyekueleza hilo ajiulize anauza nini.

'Sarah Bernhardt', ya mwaka 1906, ndiyo ile ya rangi ya waridi inayopendwa sana na wauza maua. Inachanua kwa kuchelewa na petali zake zimejaa tele. Uisifie ikiwa kwenye chombo cha maua, lakini usiipande.

Ukinunua mzizi mtupu, usio na udongo, taka wenye macho matatu hadi matano. Jicho zuri ni chipukizi jekundu lenye ncha, gumu ukilibonyeza; likibonyea, limeoza. Panda ukiacha macho yafunikwe na udongo wa sentimita 2 au 3 tu, maana ile sentimita 5 inayotajwa sana ni ya watu wa baridi kali. Usirundike matandazo juu yake. Ukinunua iliyo kwenye chungu, ingiza kidole kando ya shina uyatafute macho kabla ya kulipa. Mara nyingi yamezama mbali, kwa sababu aliyejaza chungu alitaka mmea usimame wima, na mmea huo unaweza kukupa majani bila maua mwaka baada ya mwaka.

Mizizi ya bei ya chini inayouzwa kwenye mifuko ya plastiki huwa na jicho moja au haina kabisa, na jina lililoandikwa mara nyingi silo. Kama fedha ni ndogo, tafuta 'Festiva Maxima' kwa mtu anayegawa kichaka chake wakati majani yanaponyauka.

Na ukiagiza kutoka mbali, andika wazi kwamba hukubali aina mbadala. Ipo tabia ya kumtumia mteja pioni nyingine "ya rangi inayofanana" pale ile aliyoitaka inapokuwa imeisha, na hiyo nyingine, kila niliposikia kisa hicho, ilikuwa ya kuchanua mwishoni.