Baby Taylor mapajani: gitaa la safari likigeuzwa la Hawaii

Karibuni tena, wapenzi wa nyuzi. Leo hatufungui boksi. Hili ni Baby Taylor BT2, gitaa dogo la safari la kampuni ya Taylor, uso wa mbao ya mahogani. Jina la Baby lipo sokoni tangu 1996 na kama gitaa la kawaida limeshachambuliwa mpaka basi. Mimi nataka tulilaze mapajani, tuinue nyuzi, tupige kwa chuma, yaani kipande cha chuma kinachoteleza juu ya nyuzi badala ya vidole kuzibonyeza. Yaani tuligeuze gitaa la Hawaii, ambalo wengine mnaliita lap-stili.

Kwa nini hili? Shingo. Urefu wa nyuzi zake, kutoka nati (kile kijiti cha kichwani zinakopita nyuzi) mpaka darajani, pale zinapofungwa tumboni, ni inchi 22 na robo tatu. Gitaa kubwa la kampuni hiyohiyo mara nyingi lina inchi 25 na nusu. Ukilipiga kwa vidole ufupi huo unakera: huku juu freti, zile nyaya zinazokatiza shingo, zinabanana, na besi inapwaya. Sasa nenda katazame Rickenbacker A-22, lile gitaa la umeme la kupigwa mapajani la miaka ya 1930 walilolibatiza "kikaango". Inchi 22 na nusu! Kinachomkera mpiga solo, kwa mpiga chuma ndicho kipimo chenyewe.

Na msinipe sifa za bure, huu si ubunifu wangu. Joseph Kekuku, kijana wa Laie kisiwani Oahu, alianza hivihivi miaka ya 1880 ikielekea mwisho: gitaa la kawaida na kipande cha chuma. Sauti ile ikavuka bahari. Kule Marekani ikaingia kwenye muziki wa kantri. Ile inayolia nyuma ya Don Williams ni mjukuu wake, ameongezewa pedali. Kule India ikaingia kwenye nyimbo za sinema. Ninyi wa Mombasa na Unguja mliokulia kwenye filamu za Kihindi mmeshaisikia, hata kama hamkujua ni gitaa.

Haya, kazini. Hiki kidude cha chuma kinavikwa juu ya nati. Hakuna gundi, hakuna kutoboa. Unalegeza nyuzi, unakivika, unakaza. Nyuzi zenyewe ndizo zinakishikilia. Bei yake haizidi sana seti moja ya nyuzi nzuri. Hapo nyuzi zimepanda karibu sentimita moja kutoka kwenye ubao, na ukibonyeza kwa kidole hugusi freti ng'o.

Video nyingi zinaishia hapo, wanaanza kupiga. Subirini kwanza. Kamera isogee... hapo hapo. Naweka chuma freti ya kumi na mbili, naangalia kwa usawa wa nyuzi. Mnaona mwanga? Nyuzi za katikati zimegusa, za pembeni zinaning'inia. Kidude chetu kiko bapa, lakini kile kijiti cheupe cha darajani kimekatwa kwa mviringo kufuata ubao wa vidole. Ukiendelea hivyo utakandamiza chuma kwa nguvu ili nyuzi zote zishike, na sauti itapanda juu ya noti. Dawa ni kumpa fundi akuchongee kijiti kingine, bapa, kilichoinuka kidogo kuliko cha zamani. Mfupa wa ng'ombe unatosha kabisa. Cha zamani usikitupe, kitie kwenye bahasha ndani ya begi la gitaa, siku ukitaka kurudi kwenye kordi zako unakirudisha.

Nyuzi. Mimi natuni D wazi, yaani nyuzi zote zikipigwa bila kuguswa zinatoa kordi ya D: D, A, D, F kali, A, D. Maana yake nyuzi nne zinashuka. Kwenye shingo fupi nyuzi tayari zimelegea, kwa noti ileile mvutano ni pungufu kwa kama asilimia 20 ukilinganisha na gitaa kubwa. Ukiacha nyuzi nyepesi za 12 (huo ni unene wa uzi mwembamba kabisa, kwa elfu za inchi), chuma kitagongagonga na besi itakoroma. Weka za 13 mpaka 56. Najua mtaogopa shingo, lakini ufupi uleule ndio unaoilinda. Ile tuni ya G juu ya dobro, gitaa la mapajani lenye sahani ya chuma tumboni, msiifanye na seti hii: uzi wa sita unapanda kutoka E mpaka G, wa tano kutoka A mpaka B, na hizo ni nyuzi nene, mvutano utazidi. Tafuteni seti yake.

Kuhusu chuma, chukua chenye mifereji pembeni ili vidole vishike. Kama hujapata, soketi ndefu ya gereji itakusogeza. Na chuma kinakaa juu kabisa ya waya wa freti, si nyuma yake kama kidole. Hapa ndipo wapiga gitaa wazoefu wanapotoka kapa.

Sikilizeni sasa... Sauti ya kati ni nene, tamu, mahogani inajieleza. Besi ni haba, na noti inakufa mapema, hasa ukivuka freti ya kumi na mbili. Kuna kero nyingine ambayo sikuiona ikisemwa popote: mgongo wa Baby umebinuka, hauna ubapa, kwa hiyo mapajani linayumba kila ukiteleza na chuma. Kanga ukiikunja mara mbili ukaiweka chini yake, linatulia.

Ushauri wangu, mdogo wangu uliyeniuliza kwenye maoni kama ununue: kama Baby unalo na linakaa tu juu ya kabati, fanya hivi hata kesho. Kama huna, na unachotaka ni kupiga chuma tu, usinunue Baby ili uligeuze. Kwa pesa hiyo unapata gitaa la umeme lililotengenezwa kwa mapajani, na chenji ya spika ndogo inabaki.