Kulala Nyiragongo au Tchegera?

Mtu wa Goma akitaka kulala porini usiku mmoja, mambo yalikuwa mawili: kupanda volkeno ya Nyiragongo, au kuvuka ziwa Kivu hadi kisiwa cha Tchegera. Zote ziko ndani ya hifadhi ya taifa ya Virunga, kwa hiyo ulizia kwanza kama njia zimefunguliwa.

Nyiragongo ni jasho. Unaanzia Kibati, unapita msituni, halafu mawe makavu ya lava ya 2002 yanayoviringika chini ya kiatu. Juu, mita 3,470, unalala kwenye kibanda kidogo ukingoni. Mimi nilivaa sweta mbili na bado meno yaligongana. Maji ya bidoni yalikuwa kama yametoka friji. Makala (mkaa) na chakula vyote unapanda navyo, kwa hiyo lipa mbebaji, acha ubishi. Ila usiku, mwanga mwekundu wa lava ukipaka mawingu kutoka chini, unasahau magoti. Baada ya mlipuko wa Mei 2021, lakini, hakuna anayeweza kukuahidi moto huo.

Tchegera ni hema, mtumbwi wa mota na sambaza (samaki wadogo wa ziwani) za kukaanga. Hakuna cha kupanda. Hatari yake haionekani: mazuku, ile gesi ya kaboni dioksidi iliyo nzito kuliko hewa, hujikusanya mabondeni kando ya ziwa hili. Usilale shimoni, hasa kama hakuna upepo.

Ukiwa na watoto au shangazi mwenye presha, nenda kisiwani. Mimi ningerudi mlimani, na sweta ya tatu.