Aplikesheni ya muda wa jua kuzama: hesabu safi, Kiswahili wamekiacha njiani

Kuna hii aplikesheni ya kuangalia jua linazama saa ngapi na giza linaingia saa ngapi, mimi napiga sana picha za jioni kwa hiyo naifungua karibu kila siku, na leo nasema yangu maana humu ndani kuna kazi nzuri mno halafu kuna jambo moja linaniuma kwelikweli. Linaloniuma ni Kiswahili chake.

Nianze na hesabu, hapo hawana mpinzani. Inakupa dakika ya jua kuzama, kisha ule muda wa mwanga kufifia inaukata vipande vitatu kwa kuangalia jua limeshuka digrii ngapi chini ya upeo wa macho, cha kwanza mpaka digrii 6, cha pili mpaka 12, cha tatu mpaka 18. Haili bando maana ikishajua tarehe na mahali ulipo inajipigia hesabu yenyewe. Na wamekumbuka kwamba hewa inaupinda mwanga, yaani lile jua unaloliona limekalia upeo kumbe limeshateremka chini yake, ndo maana, ukijumlisha na nusu ya upana wa jua lenyewe, dakika ya kuzama inahesabiwa kitovu cha jua kikiwa karibu digrii 0.83 chini na sio sifuri. Aliyekaa na kuandika hiyo hesabu anaijua kazi yake.

Ramani pia ni tamu. Ukiweka kidole penye ikweta unaona jua linashuka karibu wima, digrii 15 kwa saa, kipande cha kwanza kinakatika baada ya dakika ishirini na kitu tu, na ikifika saa moja na robo tangu jua lizame giza limeshakamilika. Peleka kidole London mwezi wa 6 uone maajabu, jua halifiki digrii 18 usiku mzima, kwa hiyo mstari wa bluu wa mwanga kufifia unanyooka mpaka asubuhi bila kukatika na giza kamili haliji.

Sasa njoo kwenye maneno. Vile vipande vitatu wameviita "machweo ya kiraia", "machweo ya kibaharia" na "machweo ya kinajimu". Mtu akisoma hivyo anaelewa nini? Kiraia haimwambii kitu. Kibaharia angalau ina sababu, kwenye kipande hicho nyota zimeshatoka na upeo wa bahari bado unaonekana, baharia anaweza kupima nyota iko juu kiasi gani, lakini hawajaeleza popote. Na kinajimu ndo kabisa, wengi wetu tukisikia unajimu tunawaza mambo ya kutabiriwa nyota zetu, wakati falaki, yaani elimu ya nyota na sayari, ipo na inaeleweka.

Kosa kubwa ni lenyewe neno machweo kutapakazwa kila mahali. Machweo ni kuchwa, ni pale jua linapotua, likishatua basi yamepita. Kinachofuata tunakiita magharibi, na magharibi haianzi kwa kubahatisha, inaanza jua likishazama lote na inakwenda mpaka ule wekundu wa mbinguni upotee, hapo ndo isha inaingia. Ratiba za swala zenyewe nyingi zinapigwa kwa digrii hizihizi, isha na alfajiri zinawekwa jua likiwa kama digrii 15 mpaka 19 chini kutegemea nani kapiga hesabu. Yaani wazee walishaugawa muda huu zamani kwa kutazama mwanga wenyewe, maneno yapo mdomoni mwa kila mtu, halafu aplikesheni inakuja na kiraia!

Ningeulizwa mimi, ile dakika ya jua kuzama ibaki machweo. Kipande cha kwanza, pale bado unasoma maandishi nje bila taa na upande wa mashariki unaona kivuli cha dunia kinapanda kama mkanda wa kijivubluu na juu yake mkanda wa waridi, kiitwe magharibi. Cha pili kiitwe utusitusi, maana hapo unaona mtu anakuja ila humjui ni nani mpaka akusalimie. Cha tatu waandike giza linaingia, na baada ya hapo giza totoro, au mbalamwezi kama mwezi umejaa, na mwezi wanao humo ndani tayari wala haiwapi kazi mpya. Najua magharibi kwa saa haikai sawasawa na digrii 6, wekundu unaweza kuendelea zaidi ya hapo, ila mtumiaji ataelewa palepale anaangalia nini.

Upande wa asubuhi nimechoka kabisa, wameandika "machweo ya asubuhi". Jamani! Jua linakuchwaje asubuhi? Alfajiri iko wapi, mapambazuko yako wapi?

Halafu vitufe. Kimoja kimeandikwa macheo na kingine machweo, herufi ndogo za kijivu kwenye skrini nyeusi, tofauti ni w moja tu, na unavibonyeza wakati ambao nje mwanga ni hafifu na macho yameshaanza kuhangaika. Waweke mawio na machweo, yamekwisha. W hiyohiyo imewaponza kwenye notifikesheni, jua likizama simu inalia na kuandika "Kumekucha", wakati walitaka kumekuchwa, kwa hiyo unaambiwa asubuhi imefika na wewe unaona giza linaingia.

Saa nazo. Inaandika 18:36 na kwenye setingi hakuna pa kuchagua saa zetu. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na sita jioni, ndivyo tunavyosema, ni kutoa sita tu, programu inayojua kupinda kwa mwanga hewani haiwezi kushindwa kutoa sita.

Ile skrini nyekundu ya usiku nawapongeza sana, mwanga mwekundu hausumbui macho yaliyoshazoea giza, na kuyarudisha huwa inachukua karibu nusu saa. Ila kabla haijawa nyekundu inawaka nyeupe kwanza, kama sekunde hivi, unapata kiwi cha macho na kazi yote imeharibika. Hilo warekebishe haraka hata kabla ya maneno kwa wale wanaoangalia nyota.

Betri haili sana. Matangazo hakuna.

Kwa sasa naipa nyota tatu kati ya tano, mbili nimezishika kwa ajili ya Kiswahili na huo mwanga mweupe. Kama unapiga picha ichukue tu, weka kichwani kwamba kiraia maana yake ni ule mwanga mzuri wa magharibi na zile dakika utazipata sawasawa. Watengenezaji nimeshawaandikia orodha nzima ya maneno, wakitoa apdeti yenye alfajiri, mawio, magharibi na saa zetu nazipandisha nyota siku hiyohiyo.