Uzoefu wangu wa kuchagua programu ya redio ya kompyuta: kwa nini nimebaki na SDR++

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikitumia kipokezi cha RTL-SDR (SDR ni redio ambayo kazi yake kubwa hufanywa na programu), kile kidude cha USB kilichotengenezwa kwa ajili ya televisheni ya dijitali, ambacho mwaka 2012 wapenzi wa redio walianza kukitumia kunasa karibu kila kinachorushwa hewani kati ya megahezi 24 na 1,766. Ndani yake mna chipu ya RTL2832U na kitafuta masafa cha R820T2, basi. Kazi iliyobaki, yaani kuchuja mawimbi, kuyafumbua na kuyageuza kuwa sauti, hufanywa na programu iliyomo kwenye kompyuta, kwa hiyo anayechagua programu huwa anachagua redio yenyewe. Ndiyo maana nilizijaribu tatu kwa subira kabla ya kuamua: SDR#, Gqrx na SDR++.

Ninaishi Nairobi, ghorofa ya nne, na kompyuta yangu ni mpakato ya zamani yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4. Nayataja haya kwa sababu programu inayopendeza kwenye mashine mpya inaweza kukatakata sauti kwenye mashine kuukuu, na wengi wetu tunatumia kuukuu.

Nilianza na SDR#, inayotolewa bure na Airspy kwa watumiaji wa Windows. Sauti yake ni safi na vichujio vyake vya kelele ni vizuri mno. Anayeanza ajue tu kwamba Windows hukichukulia kidude hiki kuwa ni cha televisheni, hivyo ni lazima kwanza kubadilisha draiva kwa programu ndogo iitwayo Zadig, tena kwa uangalifu, kwani ukikosea ukachagua kipanya au kibodi badala ya kipokezi, kifaa hicho kitaacha kufanya kazi mpaka urudishe draiva yake ya awali. Nilipoihamishia kompyuta yangu kwenye Linux ili ipumue, nilihamia Gqrx, ambayo imejengwa juu ya GNU Radio, mkusanyiko huria wa zana za kuchakata mawimbi. Huko nako kuna hatua yake: moduli ya dvb_usb_rtl28xxu, yaani draiva ya televisheni iliyomo ndani ya Linux, hukiwahi kidude kabla yako, na inabidi kuizuia. Gqrx ni nyepesi kuielewa na ningempa mwanafunzi bila kusita.

SDR++ niliifungua kwa udadisi tu, nikabaki nayo. Ni programu huria, inafanya kazi kwenye Windows, Linux, macOS na hata Android, kwa hiyo nilichojifunza mahali pamoja sikulazimika kukijifunza upya kwingine. Kilichonivutia zaidi ni uwezo wake wa kufungua vipokezi kadhaa vya kiprogramu ndani ya kipande kimoja cha masafa. Nikiweka upana wa sampuli milioni 2.4 kwa sekunde, yaani kipande cha takribani megahezi 2.4, na kitovu kwenye megahezi 99.35, Capital FM iliyoko 98.4 huonekana upande wa kushoto na Kiss iliyoko 100.3 upande wa kulia, nami naweza kuzisikiliza zote mbili kwa pamoja kutoka kwenye kidude kimoja. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilikaa nikitazama vile vilima viwili vya mawimbi kwa muda mrefu, nikifurahi kwamba hatimaye nimeelewa maana ya kuihamishia redio kwenye programu.

Jambo la pili ni jinsi inavyoweka wazi kitelezi cha ukuzaji wa mawimbi. Nilikuwa nimekisukuma hadi mwisho, desibeli 49.6, nikiamini kwamba mawimbi yakikuzwa zaidi yatasikika vizuri zaidi. Matokeo yake vituo vya FM vilijitokeza kwenye masafa yasiyo yao, kwa sababu jijini mitambo ya kurushia matangazo iko karibu na kipokezi chenye biti 8 tu huelemewa upesi. Niliposhusha hatua kwa hatua hadi 29.7, huku macho yakiwa kwenye picha ya mawimbi inayoteremka kama maporomoko ya maji, vile vivuli vilififia kimoja baada ya kingine na vituo halisi vikabaki vimesimama imara. Jioni hiyohiyo nilichomoa chaja ya kompyuta, na mistari myembamba iliyokuwa imepangana kama meno ya kitana ikatoweka papo hapo. Tangu hapo sisikilizi mawimbi dhaifu chaja ikiwa imechomekwa.

Mpangilio mmoja usipuuzwe: kwenye FM, chagua usawazishaji (de-emphasis, yaani kupunguza sauti nyembamba ambazo kituo huzikuza kinaporusha) wa mikrosekunde 50, si 75 unaotumika Marekani, la sivyo sauti itafifia kidogo upande wa juu.

Kurekodi nako kuna gharama. Ukihifadhi kipande chote cha masafa kwa biti 16 badala ya sauti peke yake, sampuli milioni 2.4 hula takribani megabaiti 576 kila dakika, na dakika kumi hukaribia gigabaiti 6. Faida yake ni kwamba baadaye unaweza kuirudia saa ileile na kusikiliza kituo ambacho hukukigusa kabisa wakati wa kurekodi.

Kwa kufuatilia ndege kwenye megahezi 1,090 bado natumia dump1090, na ni lazima niifunge SDR++ kwanza, maana kidude hakiwezi kushikwa na programu mbili kwa wakati mmoja. Anayetaka masafa mafupi, chini ya megahezi 24, ataona SDR++ ina chaguo la kuchukua sampuli moja kwa moja, lakini chaguo hilo huhitaji kipokezi kilichoundwa kwa ajili hiyo, kama RTL-SDR Blog V3. Changu hakikuundwa hivyo, na hiyo V3 ndiyo ninayoanza kuiwekea akiba mwezi huu.