Kapsuli za uyoga wa Cordyceps kwa ajili ya macho

Kapsuli hizi za uyoga wa rangi ya machungwa, Cordyceps militaris, nilizonunua katika duka moja la dawa karibu na Marikiti, zinadaiwa kuyakinga macho dhidi ya mwanga mkali. Ni kweli kwamba rangi hiyo hutokana na karotenoidi, yaani rangi za asili za manjano hadi nyekundu kama ile ya karoti, lakini lebo haitaji kiasi chake, na hiyo ni kasoro kubwa, kwani hatuwezi kukilinganisha na kile cha utafiti wa macho wa AREDS2 wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2013, ambao ulijaribu miligramu 10 za luteini na 2 za zeaksantini, ambazo ni aina mbili za karotenoidi, kwa watu ambao retina zao, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, zilikuwa zimeanza kuharibika kwa uzee. Mchicha wa nazi una luteini ya kutosha, na mafuta ya tui husaidia ifyonzwe mwilini. Mvuvi wa Likoni anayeshinda juani ningemshauri anunue kwanza miwani inayozuia miale ya urujuanimno (UV) ya jua.